Nilichagua Lori Kama Ulivyochagua Ng'ombe

Mama yangu,

Barua za enzi zenu zilianza kwa kuuliza kama msomaji yu buheri wa afya. Sitakuuliza hilo. Sisi huku tuko salama, mvua imekuja vizuri, na ndama wa yule ng'ombe mwekundu amekuwa mkaidi kuliko mama yake. Nakuandikia kwa sababu nimepata kazi, na kazi yenyewe inakaribia sana ile uliyonikataza. Nataka uisikie kwangu kwanza, maana nyinyi mliolala huko hamkosi watu wa kuwaletea habari.

Nina leseni ya lori sasa. Ndiyo, mimi, kitinda mimba wako, niliyeuangusha mkokoteni wa maziwa kwenye mtaro mbele ya kanisa zima. Siku niliyoipata nilikuja nyuma ya nyumba nikakuonyesha kaburini, halafu nikaona haya kwa sababu jirani alikuwa anachungulia juu ya ua.

Nafasi zilikuja mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa ya malori ya masafa marefu, kutoa mizigo Mombasa hadi mpakani Malaba, mshahara mnono na lori linalong'aa. Ya pili ilikuwa ya lori la majani mabichi ya chai hapahapa kwetu, kuzunguka vituo vya wakulima na kupeleka majani kiwandani. Kote walitaka jibu kabla ya wiki kuisha. Kaka yangu Kipyegon hakuona kitu cha kufikiria. "Cherono, hiyo ya majani ni kuzunguka nyuma ya jiko tu. Chukua ya Mombasa, uone dunia," aliniambia. Na kusema kweli, moyo wangu ulikuwa umeshafika Mombasa, umeshavua viatu. Juu ya hayo kulikuwa na neno lako, lile la jioni ya lori lililokwama.

Unaikumbuka jioni ile. Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa kituoni na majani yetu tangu saa nane, wewe na Mama Kibet na wengine, mmejifunga plastiki zenu kiunoni, mvua inanyesha, na kila mtu ametega sikio upande wa ile kona ya mikaratusi. Dereva wa majani akifika pale kwenye kona hupiga honi, na wachunaji waliobaki mashambani huteremka haraka. Siku hiyo honi haikulia. Ulikuwa unaingiza mkono ndani ya gunia kila mara, unageuza majani, na mara ya mwisho ulipoutoa ulinishikisha shavuni. Mkono ulikuwa na joto. Majani yameshapata moto, ukasema, na karani wa mizani atayakataa hata lori likija sasa.

Lori lilikuwa limelala ubavu mtaroni kule mteremkoni, tairi zake zimeisha kabisa. Dereva alikuwa kijana mgeni, hata wiki hajamaliza kazini. Alikuja kwa miguu, tope hadi magotini, na wanawake wakamrukia kwa maneno. Wewe ulimpa chai kwenye kifuniko cha chupa. "Mwacheni. Huyu ametumwa na gari bovu na hakuna aliyemwonyesha njia," ukasema. Kisha tukabeba majani yetu tukayamwaga shambani kama mbolea. Wakati wa kurudi nyumbani, Mama Kibet akiwa nasi, ndipo ulipolisema lile neno, na hukulia, ndiyo maana liliniuma. "Mimi nimechuna ili wewe usichune. Ukimaliza shule, nisikuone tena kwa majani."

Basi niambie, mama, ningefanyaje?

Nilikaa na jambo hilo siku mbili bila usingizi wa maana. Jibu nililipata asubuhi nikimkamua yule mwekundu, kichwa changu kimeegemea ubavu wake. Nilianza kucheka peke yangu, kwa sababu nilimkumbuka yule ng'ombe mweusi wa sokoni.

Ule ulikuwa mwaka Baba alipokataa kukusikiliza. Alikwenda sokoni Kapkatet akarudi na ng'ombe aliyepigwa maji na kuchanwa kama bibi harusi, kiwele kimejaa hadi kinaburutika. Baba alitembea mbele yake kama chifu. Ulimzunguka mara moja tu ukauliza, "Huyu amekamuliwa lini?" Hakuna aliyejua. Alikuwa hajakamuliwa tangu jana yake, ili kiwele kidanganye watu. Kesho yake alitoa chupa moja ya maziwa na teke moja, na teke lilimpata Baba. Tangu hapo hakuna mtu wa boma letu aliyenunua ng'ombe bila wewe.

Wewe hukununua ng'ombe sokoni. Ulikwenda kwao. Ulifika alfajiri, saa ya kukamua, bila kutuma habari, na kisingizio chako kilikuwa chumvi. Mtu anatoka kwetu mpaka kule karibu na Kaplong kuomba chumvi! Ulisimama pembeni ukaongea habari za mvua, huku macho yako yakimfuata mtoto wa nyumba hiyo anavyomkaribia ng'ombe. Ng'ombe akirudi nyuma, uliaga. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba anayemwogopa mwenyewe amezoea kupigwa, na anayepigwa siku moja atakurudishia wewe. Mengine ulimuuliza mtoto. Wakubwa wanauza, ulisema, mtoto hana cha kuuza.

Kwa hivyo nilikwenda kutafuta chumvi.

Kwenye yadi ya malori marefu nilifika kumepambazuka tu. Lori langu lilikuwepo, jekundu, viti bado vina nailoni zake. Nikasema moyoni, kiwele hicho. Dereva mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka safari, amekaa juu ya tairi, macho mekundu. Nikamuuliza amelala wapi. "Kulala? Dada, wewe uko na mchezo," akasema. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini bosi alitokea mlangoni na yule mtu mzima akanyamaza katikati ya neno, akainuka, akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi. Mama, alirudi nyuma. Nilikuona umesimama pale na leso yako ya chumvi.

Bosi mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alininunulia soda. Aliniambia naweza kuanza kesho yake, peke yangu. Nikamuuliza nani atanionyesha ile njia, mimi ambaye sijawahi kuteremka mlima wowote na mzigo. Akacheka. "Si uko na leseni? Barabara ni moja tu." Nikamuuliza tena, nikiona breki haziko sawa na nikakataa kuondoka, itakuwaje? Hapo hakucheka. "Madam, madereva ni wengi."

Kiwandani nilikwenda asubuhi iliyofuata. Malori yao hayavutii macho hata kidogo, yana mikwaruzo ya matawi kila upande. Mkuu wa madereva ni mzee anayeitwa Rotich, mfupi, mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimu. Nilimkuta chini ya lori pamoja na fundi na utingo, kijana wa kupakia magunia. Walikuwa wanabishana juu ya breki, na yule utingo akamwambia usoni, "Hapo umekosea, mzee." Nikangoja radi imshukie. Rotich alitazama tena, akasema, "Kweli, nimekosea," akaomba spana nyingine.

Nusura nimkumbatie.

Lakini alinikasirisha dakika hiyohiyo. Aliniambia kwamba nikichukua kazi, mwanzoni nitakaa kiti cha kushoto, karibu na dereva mzoefu, bila kugusa usukani, mpaka nijue kila kona na kila daraja. Mimi na leseni yangu mpya, nikae kama mzigo! Hata hivyo nilimuuliza swali lilelile: nikifika mteremko nikaona siuwezi, nikakataa? Alinitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha.

"Unasimama. Unanipigia. Nakuja na trekta," akasema. "Majani yakiharibika tutamwaga. Wewe tutakumwaga wapi?"

Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule kijana wa tope magotini. Hakuna aliyemwambia maneno hayo. Na nikaanza kulielewa neno lako kwa namna nyingine. Ulikuwa umechoka kusimama kwenye mvua ukisubiri mtu asiyefika, na hukutaka mtoto wako asubiri hivyo. Labda najitetea. Unanijua, nikitaka kitu sikosi sababu. Lakini nilimpigia Rotich simu, na yule bosi wa soda nikamshukuru kwa heshima. Kipyegon alininunia siku nzima, kisha jioni akaja na viatu vyake vya mvua. "Shika. Huko kuna tope," akasema.

Kiti cha kushoto nilikikalia, mama, na sasa nacheka nikikumbuka nilivyokidharau. Nilijifunza pale daraja linapotikisika, pale ng'ombe wa watu wanapolala barabarani, na kwamba magunia yanatundikwa na kuachiwa nafasi ya hewa ili majani yasipate moto. Nilijifunza kuusoma mteremko kabla ya kuuingia. Yale malori ya masafa marefu hayajakimbia. Iko siku nitakwenda Mombasa, na nitakwenda nikiwa dereva.

Jana Rotich alinipa lori peke yangu, mimi na utingo. Na njia aliyonipa ni yetu.

Pale mteremkoni nilisimama. Nilishuka nikautembea wote kwa miguu, na utingo akakata matawi tukayatandaza penye utelezi. Kisha nikaingia gia ya chini kabisa, taratibu, jasho likinitiririka mgongoni na baridi ile yote ya asubuhi. Nilimwomba Mungu, na wewe nikakuomba usiangalie. Lori lilishuka kama bibi anayetoka kanisani. Nilipofika kwenye kona ya mikaratusi nilipiga honi, na nikawaona, mama. Watu walikuwa wanateremka kutoka mashambani na vikapu mgongoni, wanakimbia kidogo, wanacheka.

Mama Kibet alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Alikuja hadi dirishani akajikinga jua kwa mkono. "Wee! Si huyu ni msichana wa Mama Kipyegon? Mama yako alisema hatakuona tena kwa majani. Na umerudi?"

"Sijarudi, Mama Kibet," nikamwambia. "Nimekuja kuyachukua."

Alinishika mkono kupitia dirishani akakaa nao muda mrefu. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya gunia lake, akanishikisha shavuni. Ulikuwa baridi kabisa.

Nimefurahi, mama. Nasema wazi kwa sababu ulikuwa unapenda kuuliza, na sisi watoto tulikuwa tunajibu kwa mabega. Nimefurahi na ninakukosa.

Sasa pumzika. Nyumba yetu iko juu ya barabara, utasikia kila kitu. Honi ikilia pale kwenye kona, usiinuke, usitafute plastiki yako. Ni mimi, na nimefika mapema.

Wako kitinda mimba,
Cherono