Jina na Avenue

Jumatatu, 5 Julai 1999

Komunike kumi na saba asubuhi hii, matangazo ya watu kwa watu. Vifo vinne, mbuzi mmoja aliyepotea Muhungu, zilizobaki ni watu wanaotafuta watu. Nimezisoma zote kwa utaratibu wangu: jina, avenue anayokaa, kisha habari. Miaka kumi na miwili nasoma hivyo redioni. Mtu asiye na avenue si mtu, ni uvumi. Hata kwenye midahalo, anayeinuka kuuliza namwomba jina na avenue kwanza. Ndiyo alama yangu. Watoto wa mtaani kwetu wananiiga.

Vumbi limeingia mpaka kwenye kahawa.

Mashine mpya imefika. Mradi fulani wa Wazungu umetupatia kisanduku cha kurusha sauti moja kwa moja kutoka ukumbini, bila kupitia kaseti. Directeur wa redio anakizunguka kama bwana harusi. Deo, fundi wetu wa mitambo, alikifunga kwa dakika kumi. Mimi sikipendi. Kaseti ina huruma. Mtu akisema upuuzi, au akisema ukweli, unarudisha nyuma, unakata, unaunganisha, na hakuna aliyeumia. Kisanduku hiki hakina mkasi. Nimemwambia Directeur. Amenijibu kwamba naogopa maendeleo. Mimi, niliyeongea zaidi na kipaza sauti kuliko nilivyoongea na mke wangu.

Jumamosi, 10 Julai

Nimeongoza harusi. Bwana harusi ni luteni, mgeni wa heshima ni Komanda mwenyewe, mkubwa wa jeshi lililoshika mji. Ukumbi umejaa askari, bunduki chini ya viti. Nimewachekesha. Kuku nimekula. Jumamosi ni redio na harusi, siku nyingine ni redio tu, ndivyo ninavyoishi tangu vita vianze, na walioshika mji ndio wenye harusi sasa.

Saa kumi na moja Komanda akanirudisha nyumbani kwa jipu yake nyeupe. Mjini wanaiita Tuonane Mbinguni.

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike. Nilifurahi. Shuleni nilikuwa nakata picha za magari ya mbio kwenye magazeti ya zamani ya mapadri, nazibandika juu ya kitanda pale wenzangu walipoweka Bikira Maria. Leo nimekaa kiti cha mbele. Ile injini haipigi kelele, inaguna tu. Kutoka Nguba mpaka Nyawera sidhani tulitumia dakika tatu. Akina mama wa sokoni waliruka mtaroni na mabeseni yao. Niliwaona. Nilicheka. Komanda akasema barabara ni ya mwenye gari. Nikajibu, "Kabisa, mon commandant."

Jumatano, 14 Julai

Tuonane Mbinguni imegonga mtu. Papa Cito, fundi wa nguo pale Nyawera. Ndiye aliyenishonea koti langu la sherehe, lile lile nililovaa Jumamosi. Alikuwa anavuka na pasi ya makaa mkononi. Makaa yalimwagika lami nzima. Jipu haikusimama. Amekufa kabla ya kufika hospitali.

Watu wote wa soko waliona. Ukiwauliza, walikuwa wameinama wanafunga viatu.

Jumamosi niliwacheka watu wakiruka. Cito hakuwahi kuruka.

Alhamisi, 15 Julai

Mjane wake alileta komunike ya kifo. Maman Nsimire. Anauza sambaza, dagaa wa ziwa, sokoni, ana watoto watatu. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyeandika, kwa mwandiko wa shule: "amegongwa na jipu nyeupe ya Komanda." Directeur alichukua biki nyekundu, akakata, akaandika juu yake "amefariki kwa ajali." Maman alikuwa bado amesimama pale, anaangalia ile biki.

Nikasoma "ajali". Sauti ilitoka nzuri, ya joto, kama kila siku. Sauti yangu haina aibu hata kidogo.

Jumapili, 18 Julai

Misa. Padri hakumtaja Cito. Mimi pia. Nimegombana na mke wangu Béatrice juu ya chumvi, maskini, na mchuzi haukuwa na kosa.

Jumatano, 21 Julai

Kesho mdahalo wa wazi kwenye ukumbi wa parokia. "Usalama na Maendeleo." Utaenda hewani moja kwa moja, ili kisanduku kizinduliwe. Komanda atakaa mezani. Mimi naongoza.

Najua mdahalo wa mji huu unavyokwenda. Wakubwa wanaongea saa nzima na nusu. Wananchi wanapewa dakika kumi. Anayeinuka anaanza kwa kushukuru, anashukuru mpaka dakika zake zinaisha, kisha anashukuru kwa kupewa dakika. Ndipo tunakunywa soda na kuambiana kwamba tumejadiliana. Nimeongoza mingi ya namna hiyo. Najua kumzima mtu kwa heshima mpaka akae chini akidhani amepata jibu. Sijivunii. Lakini najua.

Alhamisi, 22 Julai



Ukumbi ulijaa. Komanda aliongea, akapigiwa makofi. Ikafika zamu ya watu. Mwalimu mmoja alishukuru. Mwanafunzi wa chuo kikuu alishukuru kwa Kifaransa. Kisha nyuma kabisa mwanamke mwenye kitambaa cheusi akainua mkono. Kwa mbali sikumtambua. Nikampa nafasi.

Akaanza: ana swali kwa yule mkubwa mwenye jipu nyeupe. Ukumbi mzima ukaacha kukohoa.

Pale ndipo palikuwa na kazi yangu. Ningesema muda umekwisha. Ningesema swali lipite, lisiwe na mwenyewe, liwe la ukumbi wote. Ningeangusha hata kipaza sauti. Badala yake mdomo ukafanya ulichozoea kwa miaka kumi na miwili. Nikasema, kwa ile sauti tamu:

"Maman, jina na avenue, tafadhali."

Sikukusudia ubaya. Naandika hivyo, na nikisoma naona ni kisingizio. Alitaja vyote. Nsimire, mjane wa Cito, avenue yake kule Kadutu, hata rangi ya mlango, kama watu wanavyofanya wakitaka barua iwafikie. Kisha akauliza swali lake:

"Mulimugonga. Juu ya nini hamukusimama?"

Akakaa.

Deo alikuwa amelaza mkono juu ya kisanduku, ananiangalia. Hapakuwa na cha kukata. Sauti yake ilikuwa imeshafika Bagira, imeshafika Walungu, imeshavuka ziwa. Komanda akatabasamu, akasema ni swali zuri, litafuatiliwa. Kijana wake wa ofisi akaandika kitu kwenye kijitabu. Najua aliandika nini. Ni mimi niliyemwandikisha.

Sikungoja soda. Nilipanda Kadutu kwa miguu, na viatu vya sherehe, jua bado liko juu ya ziwa. Nilimkuta anaosha mabeseni. Nikamwambia aondoke leo hii, na watoto, asilale hapa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakawa mengi, ya kiredio. Akanikata.

"Papa, ile jina nilitaja mimi mwenyewe. Nilitaka isikike. Weye uliniumiza ile siku ingine, wakati ulisoma ajali."

Akanisogezea kigoda. Sikuthubutu kukaa.

Ijumaa, 23 Julai

Askari walifika kwake asubuhi. Hawakumuuliza mtu njia. Wakavunja mlango wa buluu. Ndani hamkuwa na watu. Wakabeba cherehani ya marehemu.

Yuko wapi, hakuna anayejua. Wengine wanasema alipanda lori na watoto. Wengine wanasema lori lilisimamishwa kwenye kizuizi, akateremshwa. Mama yake mzee anakaa avenue tatu juu zaidi. Kwake hawakufika. Hakutajwa redioni, ndiyo maana bado ana mlango.

Jumamosi, 24 Julai

Directeur ameniletea karatasi iliyopigwa mashine, na muhuri. Inasema mjane ana matatizo ya akili na marehemu alikuwa amelewa. Cito! Kwenye sherehe alikuwa ananipa chupa yake nimnywee. Directeur alisema ana watoto watano, redio ina wafanyakazi kumi na mmoja, niangalie mwenyewe. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe.

Deo akatoka nje kuvuta sigara. Yeye havuti sigara.

Nimesoma. Asubuhi mara moja, mchana mara moja. Koti liko kwenye msumari. Leo kulikuwa na harusi, nimesema naumwa.

Jumatano, 28 Julai

Hakuna habari za Maman Nsimire. Wanasema yule bibi, mama yake, ameacha kula.

Komanda ana simu ya satelaiti, ina antena nene kama mwiko wa ugali. Niliiona siku ya harusi. Anaweza kuongea na Brussels huku anatafuna. Na bibi wa Kadutu hawezi kujua kama binti yake anapumua. Watu wananisimamisha barabarani kuniuliza, weye mutu wa redio, hii teknolojia mupya unaionaje. Naiona hivyo. Jipu inafika haraka, simu inafika haraka, kisanduku kinafika haraka kuliko vyote. Kwa nani?

Siku hizi nikisikia injini nyuma yangu, naruka mtaroni kama wengine. Jana niliruka kwa ajili ya pikipiki ya mwuza mkate.

Jumanne, 3 Agosti

Imefika.

Ilikuja kwa phonie ya parokia, ile redio ya kuitana na vijiji kila asubuhi. Aliyepokea ameandika kwa penseli: Maman Nsimire, mjane wa Cito, yuko Luberizi kwa katekista, watoto watatu wazima, mama yake wa Kadutu ajulishwe. Jina, mahali, habari. Komunike safi kabisa. Ni mimi niliyewafundisha watu wa phonie kuandika hivyo.

Ilikuwa ya nne kwenye rundo. Directeur hakuiona, za vijijini huwa hazisomi. Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono ukaishika ya nne. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, nasema kweli, herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikakohoa. Nikaomba radhi kwa wasikilizaji, nikasoma ya tano.

Karatasi iko ndani ya soksi yangu. Mara ya kwanza maishani nimeiba komunike.

Yuko hai. Nimemwambia Béatrice jikoni. Akaacha kisu, akakaa kwenye gunia la makaa, akalia. Sikujua kwamba naye alikuwa anangoja.

Jumatano, 4 Agosti

Nilipanda Kadutu baada ya habari za mchana. Bila koti.

Bibi alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe, hachambui, ameushika tu. Anasikia sikio la kushoto peke yake. Nikapiga magoti upande huo. Nikamwambia polepole: binti yako ni mzima. Watoto watatu ni wazima. Wako kwa katekista, kule kwenye mashamba ya mpunga. Kijiji nilikitaja mara moja, chini chini.

Hakulia. Aliuliza kama wanakula. Nikasema wali haukosekani kule. Akatikisa kichwa, akatoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa uani.

Bila kipaza sauti sauti yangu ni ndogo, ina mikwaruzo. Bibi hakuitambua. Redio yake iko kwenye kabati, haina betri tangu Pasaka. Kwa hiyo "ajali" hakuisikia, wala ile ya muhuri. Nilifikiri hilo lingenipa nafuu. Halikunipa.

Karatasi nilimwonyesha, hajui kusoma, akaigusa tu. Kisha tukaitia kwenye mbabula yake ya makaa. Ilichelewa kushika moto kwa sababu ya jasho la soksi.

Nilipotaka kuinuka, akanishika mkono.

"Na weye, mutoto yangu, uko nani?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu chini ya kilima. Jirani. Mpita njia. Mtu wa parokia. Angeliamini lolote.

Nikainama tena kwenye sikio la kushoto. Nikamtajia jina langu na avenue yangu. Kisha nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeuliza jina na avenue ya binti yake redioni.

 Halafu akanisogezea kigoda kwa mguu, akaniwekea nusu ya maharagwe mapajani.

Nikakaa.