Picha Mbili za Mshipa Mmoja

3 Machi

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako. Mkono walimopitisha mrija umepona? Tafadhali nitumie zile picha za mshipa wa moyo, kabla na baada ya kupanuliwa kwa puto. Nimeazima kitabu maktaba, nataka kuelewa.
Mwanao

11 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Sijambo, nimesharudi kwenye cherehani. Picha hizo hapo. Palipobana palikuwa milimita moja, sasa ni tatu. Fundi nguo mzima, miaka yote napima watu, safari hii nimepimwa mimi, tena kwa ndani! Soma, mitihani imekaribia.
Baba yako

20 Machi

Baba,
Shikamoo. Waendeleaje? Usinikasirikie. Nimezipima picha kwa rula. Upana wa mshipa ni ule ule katika zote mbili. Labda nimekosea?
Mwanao

28 Machi

Profesa wangu,
Marahaba. Mtoto wa fundi hujui kitambaa hurudi kikifuliwa? Picha ya pili ilichapwa ndogo, basi. Weka rula, shika vitabu. Kifua shwari.
Baba yako

9 Aprili

Baba,
Shikamoo. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kuamini. Leo nimesoma kwamba wapimaji huulinganisha mshipa na ule mrija unaoonekana pichani, maana unene wake unajulikana. Picha ikipunguzwa, mrija nao unapungua. Nimeupima. Haukupungua. Ni picha moja uliyoitolea nakala mbili. Hukuwekewa puto, baba. Uliogopa? Au unasubiri nimalize mitihani? Mitihani ipo hata mwakani. Nenda kesho, nakuomba. Nijibu japo mstari mmoja.
Mwanao

2 Mei

Baba,
Leo sikuulizi hali.
Baada ya mazishi shangazi alinipa barua yangu ya mwisho. Aliikuta kwenye droo ya cherehani, imefunguliwa. Nyuma yake umeandika kwa chaki ya kukatia nguo: “Jumatatu, saa mbili, puto. Nisimwambie mpaka nitoke.” Shangazi anasema ulianguka Jumapili, ukipiga pasi.
Mezani palikuwa na sketi yangu mpya ya shule. Inanikaa vizuri. Upindo umeuacha mrefu, ili niushushe nikirefuka. Nimeupima mara mbili, kama ulivyonifundisha. Sentimita nane.
Mwanao