Litungu la Tata na Wimbi la Kichwani

Leipzig, Ujerumani Mashariki
Jumapili, baada ya zamu

Kwako baba yangu,

Shikamoo Tata. Na Mama shikamoo, maana najua wewe ndiye unayemsomea. Nakuomba usiruke hata mstari mmoja, hata pale nitakapojisema vibaya. Mgongo wa Tata umepata nafuu? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku sio ya kusimulia. Nguo nilizovaa leo zingewatosha watu watatu wa hapo nyumbani.

Mama, barua yako imefika, ya kwanza uliyoandika kwa mkono wako tangu uanze masomo ya watu wazima. Nilicheka, nikalia, nikawaonyesha wenzangu wote. Lakini maneno ya mwisho yameninyima raha. Unasema litungu la Tata bado linaning'inia pale juu ya moto, halipigwi tena, panya wamekula nyuzi mbili, na Tata mwenyewe anasema likianguka mlifanye kuni za kupikia ugali. Tata, tafadhali, usifanye hivyo kabla hujasikia kilichonipata huku.

Hapa hospitali ninapojifunza uuguzi kuna daktari, mama mtu mzima, anayechunguza ubongo wa watu wasio wagonjwa. Alikuwa anatafuta watu wa kujitolea. Mwenzangu Zuhura, mtoto wa Tanga, ambaye Kijerumani chake kinazidi changu, akanifasiria: "Bhoke, anataka kuona wimbi la kichwani mwako."

Wimbi! Nikamjibu, "Mwambie sijaonja wimbi tangu nitoke kwetu. Huku ni viazi asubuhi na jioni, hatapata kitu." Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwao Tanga wimbi letu la uji wanaliita ulezi, na wimbi wanalolijua wao ni la maji. Daktari alitaka kuona jinsi ubongo unavyopanda na kushuka, kama ziwa linavyofanya pale Musoma. Haya, nichekeni na ninyi, lakini mtaona kwamba sikukosea sana.

Nilipakwa kichwani kitu kizito kama uji, nikabandikwa nyaya, nikakalishwa kwenye chumba cha giza. Mashine ikawa inachora kwa kalamu nyembamba kwenye karatasi ndefu. Kazi yangu ilikuwa kutazama mbele, na kitone cha mwanga hafifu kikitokea nibonyeze kitufe. Masikioni niliwekewa mlio, ti, ti, ti, kwa mwendo mmoja. Baadaye mlio ule ule ukawa unakuja ovyo ovyo.

Tata, we! Mlio ulipokwenda kwa mwendo mmoja, kitone kilichotokea pamoja nao nilikiona, hata kiwe hafifu namna gani. Ulipovurugika, vingi vilinipita macho yakiwa wazi. Kisha daktari akanionyesha karatasi. Mistari ilikuwa inapanda na kushuka ikiufuata mlio kama miguu inavyofuata ngoma. Alisema sauti yenye mwendo inaufanya ubongo ungojee, na ule wakati wa kungojea ndipo jicho linapokuwa kali. Alisema pia kwamba bado anachunguza, asije akatangaza asichokijua. Nilimpenda kwa hilo.

Akaniuliza nimezoea wapi kusikiliza hivyo. Nikamwambia, kwenye palizi, kwa baba yangu.

Ilibidi Zuhura amweleze kwa kirefu. Kwamba katika shamba la wimbi kuna gugu linalofanana na wimbi lenyewe kama mapacha, na asiyekuwa makini anang'oa chakula na kuacha gugu. Kwamba ulikuwa unakaa mwisho wa shamba ukipiga litungu, na sisi wanawake tunakwenda mstari mmoja, kila mpigo mkono unashuka, na mkono haukosei. Daktari aliacha kalamu. Kisha akasema, "Baba yako amejua mapema kuliko mimi." Niliona fahari, Tata, nikakaribia kupiga kigelegele hospitalini.

Mama anaandika kwamba mwaka huu tena wamepalilia shamba la kijiji kimyakimya, na magugu yamebaki. Sishangai.

Sasa nifike pale panapouma. Unaikumbuka siku ya mkutano, mwenyekiti aliposema kijiji cha ujamaa hakilishi mtu anayekaa akipiga nyuzi, na wanaotaka uweke litungu chini ushike jembe wanyooshe mkono? Hakuwa mtu mbaya, aliona mtu amekaa tu. Mimi nilikuwa nyuma yako. Fomu yangu ya kuja masomoni ilikuwa mezani kwake, haijatiwa saini. Nilinyoosha mkono, Tata. Ulipogeuka niliushusha haraka, na mpaka leo sijui kama uliuona.

Nisamehe. Nilivuka nchi ngapi ili mtu mgeni aje kunieleza kazi ya baba yangu mwenyewe!

Ndani ya bahasha hii kuna nyuzi mbili. Ni za waya, sio za mshipa wa ng'ombe, kwa hiyo zitalia kwa ukali kidogo, lakini mwendo utabaki wako. Mwenyekiti nimemwandikia barua yake, nimemweleza yote, na kwa nini nilinyoosha mkono siku ile.

Nisalimieni shangazi Wankuru wa Nyarero, mwambieni sijaolewa na Mzungu. Nisalimieni pia mjomba Marwa wa Kisaka, na kaka Chacha kule Nkende, mpeni pole ya mguu.

Mama, hapa acha kusoma kwanza. Mtazame Tata usoni, kisha uniandikie kwa mkono wako ulichokiona.

Ni mimi binti yenu,
Bhoke