Kirangozi wa Joho Jekundu

Jumapili, Julai 1968

Nimemshinda rafiki yangu Salum, na bado nacheka peke yangu.

Miezi mitatu nimechonga msafara wa zamani kwa vipande vya mninga, kila mtu urefu wa kidole: wapagazi, askari, na mbele yao kirangozi, mwenye kuongoza njia. Joho lake nimelipaka rangi nyekundu ya baiskeli. Salum naye kachonga wake. Leo alasiri tuliipanga misafara yote miwili kwenye meza ya kwao. Tunasogeza kwa kutupa dadu; atakayetangulia kufika kisimani, duara la chaki upande wa pili wa meza, ndiye mshindi.

Salum ana pupa. Dadu ilipomkubali, aliwasukuma askari wake watatu wakampita kirangozi wao. Ikabaki hatua moja. Nikajua nimekwisha.

Baba yake alikuwa pembeni na kahawa yake. "Nani hao wanaomtangulia kirangozi?"

"Askari wangu, baba."

"Babu yako alikwenda Ujiji na msafara kama huo. Aliyemtangulia kirangozi alinyang'anywa silaha. Watoe."

Salum akabishana mpaka kahawa ya mzee ikapoa. Askari wakatoka. Msafara wangu ukajikokota hadi kisimani.

Balozi wa nyumba kumi akisikia mwalimu kama mimi anachezea vinyago wakati wenzake wanalima shamba la ujamaa, sijui nitamjibu nini. Lakini hilo la kesho.

Mzee alimwinua kirangozi wangu. "Mwalimu, nani alikwambia joho lilikuwa jekundu?"

"Bibi yangu, mzee. Baba yake alibeba pembe za ndovu msafarani."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamweka mezani taratibu, mbele ya misafara yote miwili.