Uji wa Mama Njeri

Mugutha, Ruiru

Dada yangu Nafula,

Mko aje hapo Webuye? Magoti ya mama yanaendelea aje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inauma. Haya siwezi kuyasema kwa simu mama akisikiliza.

Shemeji yako bado amelazwa Thika. Ini limefura kwa pombe, ile alikuwa akinunuliwa na wateja huko Kamakis akiwachomea nyama. Macho ni manjano, tumbo limejaa maji. Daktari alimwanzishia vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe, akaniambia, "Mama, siku ya saba tutapima damu. Ini likiitikia, tunaendelea mpaka mwezi uishe. Likikataa tunaacha, maana dawa hii inaweza kumletea maambukizi."

Kitanda cha pili kuna Kamau, naye pombe ndiyo ilimleta. Walianza vidonge siku moja. Lakini mkewe, Mama Njeri, habanduki pale. Uji, mayai, kila saa anamlisha, kwa sababu daktari alisema wasipokula hawatapona. Mimi natoka kuchuma kahawa jioni, nafika na matope miguuni. Siku ya pili nikamkuta akimnywesha mume wangu uji, na mzee anacheka! Dada, niliwaka. Nikamwambia mzee, "Ukionja tena kikombe cha huyu mwanamke, mimi hutaniona hapa." Mtu ambaye hajanisikia miaka kumi, hilo akalisikia.

Juzi damu ikapimwa. Ini la Kamau limeitikia. Letu limekataa, vidonge vimesimamishwa. Nikauliza kama ni njaa. Daktari akasema hakuna anayejua kwa nini ini hili linakubali na lile linakataa, ila sasa kilichobaki ni chakula na kuacha pombe kabisa.

Woi, Nafula! Nilimwangalia Kamau nikatamani macho yake yarudi manjano. Hata wewe nakuonea wivu, na huyo mume wako anayekunywa soda tu.

Jana nikajikaza, nikamwambia Mama Njeri, "Nisamehe. Mpe uji tafadhali."

Akashangaa. "Haiya, si mimi humwekea kila siku? Anakataa tu."

Kikombe kilikuwa pale kwa meza ya mume wangu, kimejaa, uji umeganda juu. Nikaupasha moto, akanywa vijiko vitatu.

Salimia mama, mama mkwe, na mwanangu Brayo. Mwambie baba yake anakula. Mwombee mume wangu. Mimi niombee niweze kumshukuru yule mwanamke bila kuuma meno.

Mdogo wako,
Nekesa