Kambale wa Kiti ya Kumi na Mbili

Beni, siku ya pili, kisha mvua

Yaya wangu mupenzi, mama ya Kambale,

Nakusalimia kwa mikono mbili, vile tulikuwa tunamusalimia mama yetu akitoka shamba. Goti yako iko namna gani? Ile dawa ya kupaka nilituma na bamama ba mafuta ilifika, ao bao ndio balijipaka njiani? Mbuzi ile ya pembe moya ilizaa? Huku Beni tuko bazima. Tunapumua, tunakula bundu ya muhogo na majani ya sombe, tunamushukuru Mungu. Mais nimechoka, yaya. Si uchovu ya kazi, ile ukilala inaisha. Hii ninalala nayo, ninaamuka nayo, na asubui inavaa viatu mbele yangu.

Barua inaletwa na Paluku, motard wa pikipiki, mwenye kununua cacao yenu. Ningekupigia simu, mais kwenu simu inashika tu ukipanda kilima, na haya mambo si ya kusemea kwa kilima, batu bote bakisikiliza. Usome peke yako kwanza.

Unamujua Esther wangu. Najua unamujua, mais acha niseme tena, mama hachoki kusema mutoto wake. Mutoto alisoma na taa ya petroli mpaka moshi ikamuchora ndebu. Leo anavaa chemise nyeupe, badge kwa shingo, na pilote mwenyewe anamuita madame. Huku kwa uwanja ya ndege, bamama benye kuuza mandazi hawajui tena jina yangu. Bananiita Mama wa Ndege. Sikubakataza.

Kazi yake ni liste. Kampuni yao iko na ndege ndogo ya viti kumi na tisa, na Esther ndiye anaandika nani anapanda. Zamani liste ilikuwa karatasi moya: Kambale, Kasereka, Katungu, imeisha. Pilote anaweka mufukoni, anaenda. Sasa serikali imekataa. Kila kampuni inapashwa kutuma liste kwa ordinateur, ile kompyuta, mbele ndege haijaamuka. Majina yote matatu, siku ya kuzaliwa, numero ya carte, kiti, na simu ya mutu wa jamaa. Kilo za mutu zinaongezwa kisha, kwa balance ya kupimia. Serikali ikijibu, ndege inawasha moteri. Isipojibu, batu bakae kwa benchi. Na liste ikishatumwa, hakuna kugeuza jina. Unafuta, unatuma upya, unangoja mpaka kesho.

Esther alinieleza mara mingi jikoni, akichambua maharagi. «Mama, kwetu Banande kila mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Siku moya nilikuwa na ba Kambale saba ndani ya ndege moya. Kitu kikifika, ndege ikianguka, serikali itaita nani?»

Nikamujibu: «Iite Kambale tu, bote saba batageuka!»

Nikacheka mpaka machozi. Yaya, kile kicheko ndicho kinanila sasa.

Basi nifike kwa mwana wako. Unakumbuka ile wiki bibi yake alipasuliwa kule Kisangani, mutoto akatoka na mama akabaki hoi. Kambale alifika kwangu na vumbi mpaka kwa kope. Barabara ya Komanda, ile ya kwenda Kisangani, unaijua na benye bunduki bake, nisiiseme. Ndege zilikuwa zimejaa wiki muzima. Na tena hakuwa na carte. Carte ya électeur, ile ya kupigia kura, aliiacha kwako, ndani ya valise, juu sura ilishafutika na askari ba barrière ya njiani balikuwa bakimusumbua: huyu ni wewe ao ni kivuli yako?

Esther akamuambia: «Kaka, bila carte siwezi kukuandika. Ata ungekuwa baba yangu.» Alisema kwa adabu, macho chini, mais hakugeuka. Mimi nilikasirika. Nikawaza, nimezaa mutoto mukubwa namna hii, na jamaa yangu inakaa kwa benchi?

Siku mbili Kambale hakukula. Anaangalia simu tu.

Siku ya tatu, asubui sana, shemasi wa kanisa yetu akasimamisha moto, pikipiki yake, mbele ya mulango. Naye ni Kambale. Kambale Muhindo Josué, mwenye tumbo, mwenye sauti ya tarumbeta. Wako ni Kambale Muhindo Elie. Umeona? Shemasi alikuwa na ticket ya Kisangani siku ile ile. Bibi yake iko Butembo, yeye alilala Beni juu ya kupanda ndege. Akaniambia bila kushuka kwa moto: «Mama Esther, baba mudogo wangu amekufa Mutwanga. Ninaenda kuzika. Umuambie mutoto wako nimeacha kiti yangu, ya kumi na mbili. Simu yangu haina moto, imezimika, ata bibi yangu sijamuambia.»

Nikasema: «Nitamuambia.»

Sikumuambia. Nilimuangalia mwana wako amekaa pale na kikombe ya chai baridi, nikaona mukono ya Mungu. Huku tumezoea: Kambale akiugua, Kambale mwingine anaenda na ticket yake, nani atauliza? Kambale ni Kambale. Nikabeba chakula ya Esther ndani ya sahani ya kufunika, Kambale akanifuata nyuma.

Esther alikuwa ndani ya bureau akipigana na réseau ya ordinateur. Liste ilishaenda, serikali ilishajibu. Kwa balance kulikuwa mwanaume mwenye kupima batu. Nikamuambia: «Huyu ni shemasi wetu, Kambale Muhindo. Kiti ya kumi na mbili.»

Akamuangalia juu mpaka chini. «Mama wa Ndege, shemasi bila tumbo?»

«Amefunga. Anaombea inchi.»

«Basi atuombee na sisi benye kula.» Akacheka, akaandika kilo zake, hakuuliza carte wala ticket. Angeuliza namna gani carte mbele ya Mama wa Ndege? Kambale akapita na kinywa kimefungwa. Mimi nikarudi kwa bamama ba mandazi nikitembea kama mutu amechaguliwa député wa bunge.

Ndege ilipaswa kufika mbele ya saa sita. Saa sita ikapita. Kisangani banauliza, Beni banauliza, radio ya pilote imenyamaza. Mawingu ilikuwa nzito siku ile, ata milima ya Ruwenzori haikuonekana. Hapo batu ba serikali bakakamata liste ya Esther, bakaanza kuita jamaa, kiti moya moya, kwa zile simu yeye aliandika. Balipofika kiti ya kumi na mbili, bakaita Butembo. Bibi ya shemasi akajibu akiwa anapika.

Esther akatoka inje, uso kama majivu. «Mama, bibi ya shemasi ameanguka chini. Majirani bako banatandika mikeka. Bamama ba chorale bameshafika.»

Na mimi najua shemasi ni muzima, iko Mutwanga na koleo mukononi. Maneno ilikuwa kinywani mwangu kama bundu ya moto: hauwezi kumeza, hauwezi kutema mbele ya batu. Nikisema shemasi ni muzima, bataniuliza: basi nani iko kwa kile kiti? Na Esther wangu anaisha pale pale.

 Acha niandike bila kuficha, yaya: nilinyamaza kutoka saa sita mpaka saa kumi.

Sikiliza sasa kitu kile sijamuambia mutu. Batu bote ba ile ndege balikuwa na mutu wa kubalilia. Ata shemasi, muzima wa afya, alikuwa na nyumba imejaa machozi kule Butembo. Mwana wako peke yake hakuwa na mutu. Jina yake haikuwa mahali popote. Nilienda nyuma ya choo ya uwanja, nikasokota kitenge kinywani, nikamulilia peke yangu bila sauti, juu sauti ingenifanya nitaje jina.

Saa kumi habari ikafika. Pilote alikimbia mawingu, akatua kwa kiwanja ya zamani ya bapasuaji ba mbao, katikati ya pori, mahali hakuna réseau, ikabidi mutu apande kilima juu ya kupiga simu. Bote bazima. Kesho yake bakafika Kisangani. Kambale akakuambia, «Mama, nilifika muzuri.» Hakusema bongo ya kukudanganya. Alisema nusu.

Shemasi naye alipata moto ya simu magaribi, akakuta amekufa. Akaita bibi yake. Yule mama kusikia ile sauti ya tarumbeta, akatupa simu ndani ya sufuria ya maharagi ya kilio. Batu ba Butembo banacheka mpaka leo. Mimi sicheki.

Kisha siku chache ile habari ikafika kwa inspecteur wa serikali, akaja na karatasi zake, akamuita shemasi kwa bureau. Mimi nilikuwa pale, nimeleta chakula, ujanja ya zamani haiishi. Akaangalia liste, akaangalia tumbo. «Kilo makumi tano na sita. Shemasi, nusu ingine uliiacha wapi?»

Batu bakacheka. Esther hakucheka. Alisoma ule mustari, akarudia kuusoma, kisha akanigeukia polepole. Tangu nimuzae hajaniangalia vile.

Nikaweka sahani chini. «Ni mimi,» nikasema. «Mutoto hakujua. Ni mimi nilimupandisha mwana wa dada yangu.»

Inspecteur hakupiga kelele, na ile ilikuwa mubaya zaidi. «Mama, hii ni Beni. Unajua vile tunalala hapa, na vile tunaamuka. Leo ni mwana wa dada yako. Kesho mutu mwingine atapita na jina ya shemasi, na chini ya koti iko na bunduki. Mimi nitajua namna gani?»

 Akanipa karatasi niandike kosa yangu. Nikaandika paji muzima ya karatasi, herufi zimesimama kama bajeshi, wewe unajua nilikuwa wa kwanza kwa maandiko mbele baba hajakosa minerval, ile feza ya shule. Akasoma. «Umeandika muzuri, mama. Mais paji ya mama si carte. Uniletee carte ya ule mutu mbele mwezi haijaisha, nilinganishe numero. Mpaka pale, kwangu ni mutu bila jina, na mutoto wako ndiye mwenye liste.»

Kambale alishapiga simu kutoka Kisangani kusema ni yeye. Inspecteur akajibu: simu haina sura, haina numero ya carte.

Esther bamemusimamisha kazi. Carte ikifika na ikionekana ya kweli, anaweza kurudi kwa kiti yake. Isipofika, hakuna kampuni ya ndege Beni wala Butembo itamukamata tena kwa kazi. Kila asubui anapasi ile chemise nyeupe, anaiangalia, anaitundika tena kwa musumari. Hanitukani. Angenitukana ningelala. Jana tulikuwa tunamenya viazi, akaniambia bila kuinua uso:

«Mama, siwazi sana kazi. Ninawaza mama mukubwa. Ile ndege ingeanguka, na yeye angeniuliza kama Kambale alikuwa ndani, ningemuapia hapana. Ningebeba liste mpaka kwake Manguredjipa nimuonyeshe kwa kidole.»

Nikaweka viazi chini, nikaenda kutafuta kalamu ya hii barua.

Donc yaya, fungua valise. Carte iko chini ya kitenge ya arusi, upande wa Biblia, Kambale amesema hivyo. Ata kama sura imefutika, numero bado inaonekana. Uifunge ndani ya plastiki mbili, umupe Paluku mukononi mwake, si mukono wa mwingine. Anarudi siku ya tano. Kama umenikasirikia, una haki, sitajitetea. Mais tuma carte kwanza, kisha ukasirike.

Unisalimie shemeji, mwenye nyumba yako, umuambie kofia yake nimeshaipata. Unisalimie mama mukwe wako, na mukunga mwenye alituzalisha sisi bote, na mwalimu wa batoto ba kanisa, na ule jirani mwenye jogoo ya kulia saa yote. Bibi ya Kambale anatembea sasa, mutoto ananyonya. Ni mwanaume. Ni mutoto wao mwanaume wa pili, yaya, donc jina yake unaijua bila kuambiwa. Nimebaomba bamutafutie na majina zingine mbili za kumutofautisha.

Nyuma ya enveloppe utaona nimeandika majina yote ya Paluku, numero ya carte yake, na simu ya bibi yake. Alinicheka: «Mama, moto nayo iko na liste sasa?» Nikamuambia iko. Njia ya Manguredjipa ni ndefu. Na hapa chini sikuweka Mama Esther, wala lile jina la bamama ba mandazi. Nimeandika vile iko kwa carte yangu. Kitu kikifika, bajue ni nani wa kulilia.

Mudogo wako,

Kavugho Kasoki Marthe