Makori Asirudishe Fimbo

Jumatatu, 4 Mei 1931
Nimepalilia ndizi. Nikaanika kimea cha pombe, halafu nikakumbuka, nikakianua. Marufuku. Nzige walipomaliza wimbi shambani, chifu alikataza kupika pombe hapa kwetu Manga kote. Wimbi la ghalani ni la uji tu. Kimea nimekisaga. Uji mtamu, moyo mchungu.

Chifu ni Makori, mume wa binti yangu Kemunto. Wazee wanamchukia kuliko nzige.

Jumatano, 6 Mei
Soko la Marani. Jirani yangu Onchiri amenichokoza mbele ya watu. "Mama Kemunto, huyo mkweo ametunyima pombe hata ya matanga. Arudishe fimbo ya uchifu kwa serikali, apewe mwanamume."

Nikamwambia, "Wewe ulipika lini, Onchiri? Kazi yako ilikuwa kunywa."

Wanawake wakacheka. Nimerudi nimeumia lakini. Wengi wanasema kama yeye.

Ijumaa, 8 Mei
Kemunto amekuja, macho mekundu. Makori hali, halali. Wazee wanataka aache uchifu kwenye baraza ya Jumatatu. Amekubali. Wamempata mwingine tayari, wa kuwarudishia pombe.

Wakipika sasa, wimbi litaisha kabla ya mavuno. Watakaolala njaa ni wajukuu zangu. Na wajukuu wa Onchiri vilevile, mjinga yule.

Makori analijua hilo. Siku ya kukataza pombe, mtungi wa kwanza kumwagwa ulikuwa wa baba yake mwenyewe. Ndiyo maana nampenda.

Ningekuwa mama yake ningemshika masikio. Mimi ni mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawaongei. Nimekaa na maneno yangu kama mtu mwenye jino bovu.

Jumapili, 10 Mei
Nimekwenda kwa Makori. Bomani kwake sikuingia, sijapata wazimu. Nilisimama nje ya ua, nikaupa mgongo, nikasema na ng'ombe wake aliyefungwa pale.

"Wewe ng'ombe. Nasikia unataka kuacha kutoa maziwa kwa sababu ndama wanakugonga kiwele."

Nyuma ya ua alikuwa Makori. Kisha sauti yake. Na yeye anamwambia ng'ombe.

"Mwambie mama nimechoka."

"Mwambie hata mimi nimechoka. Achoke fimbo ikiwa mkononi. Akiiacha, watoto watakula nini, mapovu?"

Nikaondoka. Aibu imenichoma njia nzima. Sijuti.

Jumatatu, 11 Mei
Hakuirudisha.

Kemunto ndiye amenieleza. Wazee walimzomea mpaka sauti zikawakauka. Akasema pombe hakuna mpaka mavuno, na anayetaka fimbo akaiombe mwenyewe kwa serikali. Kisha akafungua ghala lake kwa wasio na kitu. Wazee waliondoka bila kumuaga.

Nimelia kidogo. Nikamkamua mbuzi.

Alhamisi, 25 Juni
Mvua asubuhi. Mke wa Onchiri alikwenda kwa Makori na kikapu, akarudi na wimbi. Onchiri bado anamtukana. Anamtukana akiwa ameshiba.

Jioni nilikuwa natoka mtoni. Nikamwona Makori kwa mbali, amekonda, anateremka njia ileile. Nikaingia majanini, nikainamisha uso, nikangoja apite. Nikangoja sana. Sikusikia nyayo.

Kumbe naye ameingia majani ya upande wa pili, ananingoja mimi nipite.

Njia ilikaa tupu kati yetu.